Safari ya picha Nakuru–Kericho–Kisumu wakati wa mvua za vuli: tupange saa vipi, tukinge kamera vipi?

Mwalimu_Njoro

Habari wakuu. Wiki ya kwanza ya Novemba tunatoka watu 11 kwa gari moja, siku tatu, kupiga picha za mandhari tu. Hakuna simba, hakuna harusi. Tunajua ni msimu wa vuli na tumeuchagua makusudi kwa ajili ya mawingu. Tuna kamera saba (mbili tu ndizo zimezibwa dhidi ya maji), simu nne na tripodi sita.

Mpango wa sasa: Siku ya 1 shimo la volkano la Menengai saa 3 asubuhi, mchana Hifadhi ya Ziwa Nakuru, kulala Nakuru. Siku ya 2 tutoke saa 4 asubuhi, tufike Kericho mchana, tupige mashamba ya chai alasiri, tushuke Kisumu kulala. Siku ya 3 msitu wa Kakamega, kisha nyumbani.

Naomba mnikosoe saa hizo. Pili, tukinge vipi kamera bila kununua makoti ghali ya dukani? Tatu, watu 11 wasimame wapi bila kuingiliana kwenye picha? Halafu kuna mmoja wetu anataka miti ya majani mekundu na manjano kama ile ya kalenda za ng'ambo. Je, huku kwetu kuna kitu kama hicho?

Bonde_la_Ufa

Mwalimu, mahali umechagua vizuri, saa ndizo zimesimama kichwa chini miguu juu.

Mvua ya Kericho na Nandi haiji ovyo. Asubuhi jua linapasha moto nyanda za Kano na nchi kavu yote inayolizunguka Ziwa Victoria. Ikifika adhuhuri, upepo wa baridi kutoka ziwani unaanza kuvuma kuelekea bara, unapanda miinuko, na huko juu unakutana na upepo wa mashariki unaovuka Bonde la Ufa. Zinapogongana hizo pepo mbili hewa haina pa kwenda ila juu, na wingu linafura mbele ya macho yako. Kwa kawaida hunyesha kati ya saa 8 na saa 11 alasiri, na radi, na Kericho hata mvua ya mawe si ajabu. Mkifika pale saa 7 mtapata nusu saa ya jua la utosini, halafu ukuta wa maji. Picha haipo kwenye hilo jua wala kwenye huo ukuta.

Asubuhi ni kinyume kabisa. Usiku ukinyesha na mbingu ikafunguka kabla ya alfajiri, hewa baridi hushuka na kulala mabondeni, na ukungu hukaa katikati ya mistari ya chai hadi kama saa 2 na nusu. Kwa hiyo laleni Kericho, si Nakuru.

Ningepanga hivi. Siku ya 1 muwe ukingoni mwa Menengai saa 11 na nusu alfajiri. Mwanzoni mwa Novemba jua la Nakuru huchomoza karibu saa 12 na robo. Huku kwetu kwenye ikweta huo ndio wakati linapowahi zaidi mwaka mzima, kwa hiyo saa za Februari zisiwadanganye. Ukingo uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na shimo lenyewe ni kama kilomita 12 kwa 8. Mkitazama kaskazini, jua linatoka mkono wa kulia na kidogo nyuma, linapiga lava kwa ubavu na kuchora kila mkunjo. Mvuke wa visima vya jotoardhi huko chini huonekana mnene hewa ikiwa baridi. Kufikia saa 3 hewa imepata joto na mvuke umepungua kwa macho. Mkikuta shimo limejaa ukungu pomoni, msigeuze gari. Subirini. Ukungu hupasuka vipande vipande na dakika 10 za kupasuka ndizo mlizozifuata.

Kutoka hapo ingieni hifadhini asubuhi hiyo hiyo. Lipeni kwenye eCitizen (tovuti ya malipo ya serikali) kabla ya safari, langoni hawashiki pesa taslimu. Chupa za plastiki za kutupa ziacheni nje, zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020. Ndani mnashuka garini mahali palipotengwa tu: Baboon Cliff kwa kuliona ziwa lote kutoka juu, na maporomoko ya Makalia upande wa kusini, ambayo msimu huu huwa ya kahawia na yenye nguvu. Wingu zito likitanda, pigeni miti iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu ziwa lilipopanda na kumeza hata lango kuu la zamani. Kijivu cha maji, kijivu cha mbingu na vijiti vyeusi katikati: hiyo picha jua huiharibu. Saa 9 mchana anzeni safari ya Kericho.

Siku ya 2, chai kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, stafutahi, kisha mshuke Kisumu. Saa 9 na nusu muwe Dunga au Hippo Point, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mtakuwa na ziwa magharibi, na nyuma yenu mawingu ya radi yakijipanga juu ya ukuta wa Nandi. Jua likipenya chini ya wingu kutoka upande wa ziwa, upinde wa mvua hutokea mashariki. Upinde hauonekani jua likiwa juu ya nyuzi 42, ndiyo maana saa 7 mchana hata kukinyesha jua likiwaka huuoni. Novemba, jua letu hushuka chini ya hapo kama saa 9 na nusu. Simama ukifuata kivuli cha kichwa chako. Katikati ya upinde ni hapo hapo.

Kuchwa Kisumu ni karibu saa 12 na dakika 28 jioni, na giza linaingia haraka, kama dakika 20 tu. Usianze kutafuta tripodi jua likishazama.

nyuma_ya_usukani

Bonde amesema kweli ila hapo kwenye saa 9 namkatalia. Tokeni Nakuru saa 7 mchana, si saa 9. Nakuru hadi Kericho ni kama kilomita 110 na kwa mvua ni saa mbili na nusu au zaidi. Mkitoka saa 9 mtakuta ukungu wa Mau Summit pamoja na malori, na jioni inaingia. Picha ya Makalia haina thamani hiyo.

Kati ya Salgaa na Mau Summit hakuna kusimama kupiga picha, hata mbingu ifanye nini. Mteremko ni mrefu, malori yanashuka breki zikinuka, na dereva wa lori hawezi kuona watu 11 wenye makoti meusi ukunguni. Mkishaingia barabara ya Kericho kuna mahali pa kutoka kabisa nje ya lami. Pembetatu ya tahadhari iwekwe nyuma mbali, hatua 50 au zaidi, na kama ni kwenye kona basi kabla ya kona.

Gari la viti 14 kwa watu 11 na dereva linaonekana linatosha. Halitoshi. Tripodi sita zenye matope, mabegi 11, gambuti na makoti yanayodondosha maji hujaza viti viwili vilivyobaki kabla hamjatoka Nakuru. Kodi la kubeba zaidi, au punguzeni mizigo: begi moja kwa mtu, likae miguuni. Tandikeni turubai sakafuni. Gambuti ziingie kwenye gunia moja mlangoni, tripodi kwenye gunia jingine, na kila mtu afunge kitambaa cha rangi yake kwenye tripodi yake ili alfajiri msipoteze muda mkiulizana hii ni ya nani.

Njia ya kupanda Menengai ina sehemu ya udongo. Ikilowa huteleza kama sabuni, na gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu linalala mtaroni. Bebeni jembe, mbao mbili za mita moja hivi za kuweka chini ya tairi, na kamba ya kuvutia. Ikishindikana, acheni gari penye changarawe mmalizie kwa miguu, lakini mwende pamoja na mtu wa hapo anayeijua njia. Msitawanyike na kamera gizani.

KameraNaMaji

Niingie kwenye kukinga. Ushauri wa intaneti wa "chukua mfuko wa supamaketi utoboe" hauna maana Kenya: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017. Tafuteni jaketi la mvua la mitumba, lile la nailoni lililopakwa mpira kwa ndani. Jaketi moja lina mikono miwili, yaani makoti mawili ya kamera.

Kata mkono sentimita 40 kutoka kwenye kifundo cha mkono wa jaketi kwenda juu, au zaidi kidogo kama lenzi yako ni ndefu. Upande wa kifundo cha mkono ambao tayari una lastiki ndio unaokumbatia lenzi. Uvalishe juu ya hudi (kile kikinga-mwanga cha mbele ya lenzi), uache sentimita moja ya hudi ikitokeza mbele, kaza kwa raba nyuma ya mdomo wa hudi. Upande mpana uanguke nyuma juu ya kamera uzidi kiganja. Mikono yako inaingia kwa chini. Usitoboe tundu la kuchungulia. Kila tundu ni mlango wa maji, tumia kioo cha nyuma. Kosa linalorudiwa ni kukaza raba kwenye pete ya zumu. Ukizungusha zumu, koti lote linajikunja na kumwaga maji yaliyokusanyika moja kwa moja kwenye kiungo cha lenzi na kamera, mahali dhaifu kuliko pote.

Kwa wenye lenzi fupi, kofia ya kuogea ya saluni na raba mbili vinatosha mvua ya rasharasha. Kwa mvua ya Kericho ya alasiri havitoshi.

Vitambaa vya mikrofaiba ni vinne hadi sita kwa mtu, si kimoja. Kimoja kikishalowa kazi yake ni kuhamisha maji kutoka upande mmoja wa kioo kwenda mwingine. Viweke mfuko wa ndani wa shati, mwili unavikausha. Kabla ya kupangusa, puliza kwa pampu ya mkono. Vumbi la Menengai ni la volkano, lina makali, ukilisugua umechora kioo. Kati ya picha na picha elekeza lenzi chini. Ni jambo dogo, ila linaokoa nusu ya kupangusa.

Sasa jambo ambalo hamjauliza. Mvua haitawasumbua kama kushuka Kisumu. Alfajiri ya Kericho kamera itapoa hadi nyuzi 13 au 14 hivi. Kisumu iko mita 1,131 tu, hewa ina joto na imebeba maji ya ziwa. Ukiitoa kamera baridi kwenye hewa hiyo, kioo hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na ukibadilisha lenzi wakati huo umeruhusu jasho hilo liingie hadi kwenye kihisi. Kwa hiyo: mkimaliza chai, kausha kamera kwa nje, itie begini pamoja na pakiti za silika jeli, funga zipu, na begi likae ndani pamoja na abiria, si kwenye keria wala buti. Safari ya saa mbili itaipasha polepole. Mkifika, subirini dakika 30 hadi 45 kabla ya kufungua. Hoteli zenye kiyoyozi zina mtego huo huo: chumba cha nyuzi 20 usiku, kibarazani alfajiri lenzi yote nyeupe. Zimeni kiyoyozi, au begi lilale bafuni.

Kamera ikilowa kweli kweli: zima, toa betri, toa kadi. Usiwashe "kuangalia kama bado inafanya kazi", hiyo ndiyo inayoiua. Dabua kwa taulo bila kusugua, iweke mbele ya feni (si mashine ya kukaushia nywele) kwa saa chache, kisha kwenye dishi lenye mfuniko pamoja na gramu 200 hivi za silika jeli kwa siku moja au mbili. Mchele uachieni sufuria. Unavuta unyevu kidogo mno na unamwaga unga kwenye vitufe. Simu ikionya kwamba tundu la chaji lina maji, iache. Kuilazimisha chaja ni kuozesha chuma cha ndani.

Maji ya Ziwa Nakuru yana magadi. Yakirukia kamera yakakauka, huacha ukoko mweupe unaokwaruza. Pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi kwanza, ndipo kikavu.

Na mkirudi nyumbani msihifadhi mabegi yakiwa yamelowa. Kiswahili chetu kinaita vyote viwili ukungu, ule wa bondeni na ule unaoota ndani ya lenzi, ila wa pili hauondoki jua likitoka. Huota kwenye unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hadi 65, gizani, na begi la ngozi ni shamba lake. Dishi la lita 10 la kufunga vizuri, silika jeli gramu 100, na kipimo kidogo cha unyevu kisomeke kati ya 40 na 50. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Ichomeni ovenini kwa nyuzi 120 saa mbili, inarudi kazini.

mti_na_jani

Kwa yule wa kalenda. Majani ya ng'ambo hugeuka rangi kwa sababu siku zinafupika na baridi inaingia, mti unaacha kutengeneza kijani. Kwenye ikweta urefu wa mchana karibu haubadiliki mwaka mzima, kwa hiyo msimu huo haupo, na hata neno vuli kwetu ni jina la mvua. Rangi huku ziko kwenye maua na magome. Novemba jakaranda bado huchanua Nakuru, na mvua moja nzito hulaza maua ya zambarau chini ya mti kama mkeka. Wahini kabla magari hayajapita. Nandi flame, ule mti wenye maua ya rangi ya moto, huonekana vizuri zaidi ukiwa mmoja mbele ya kijani kizito cha mashamba. Na migunga ya Ziwa Nakuru, magome yake ya manjano yakilowa huiva rangi. Mwenzenu asitafute majani, atafute gome lililolowa chini ya wingu jeusi.

f8_na_subira

Nijaze ya mipangilio.

Ukungu: kipimo cha mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu, kwa hiyo ukungu mweupe hutoka kama moshi wa jiko. Ongeza fidia ya mwanga +0.7 hadi +1. Halafu tazama histogramu (mchoro wa mwanga kwenye kioo cha nyuma), kilima kiwe upande wa kulia bila kugusa ukuta. Otofokasi hupapasa ukunguni kwa sababu haina ukingo wa kushika. Ipe shina la mti au mstari wa chai ulio karibu, kisha geuza iwe fokasi ya mkono ibaki hapo. Picha za ukungu zinahitaji kitu kimoja cheusi karibu: mti mmoja, kibanda cha kupimia majani, mtu aliyekubali kupigwa. Bila hicho una karatasi nyeupe.

Mbingu ya radi ni kinyume: punguza -0.3 hadi -0.7 ili ule ufa wa mwanga chini ya wingu usichomeke. Piga RAW (faili ghafi ya kamera), kivuli utakivuta baadaye, lakini cheupe kilichochomeka hakirudi.

Mvua yenyewe kuonekana ni suala la kilicho nyuma yake. Mbele ya anga jeupe haionekani hata ukifanya nini. Mbele ya msitu au kilima cheusi inaonekana. Shata ya 1/60 huichora mistari, 1/500 huigandisha iwe nukta. Mandhari nyingine zote, tundu la lenzi f/8 hadi f/11, ISO 100 ukiwa na tripodi. Msikimbilie f/22 mkidhani itakuwa kali zaidi, mwanga hupinda kwenye tundu dogo na picha yote inalainika.

Polaraiza (kichujio cha kuzungusha mbele ya lenzi) ni kifaa cha mvua kuliko cha jua. Jani lililolowa lina mng'aro mweupe unaoficha kijani. Zungusha pete taratibu hadi mng'aro ufe na rangi itoke. Chai ya Kericho na polaraiza ni vitu viwili tofauti na chai bila polaraiza. Inakula mwanga stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu), ambayo Makalia inakufaa: 1/4 hadi sekunde 1 na maji yanakuwa hariri. Tahadhari moja, kwenye upinde wa mvua pete hiyo hiyo inaweza kuufuta wote au kuukoleza. Tazameni wakati mnazungusha, usiiache ilipokuwa.

Joto la rangi liacheni Kelvin 5500 hadi 6000. Mkiliacha kamera iamue, itasahihisha ubuluu wa alfajiri ambao ndio mliouamkia.

Wenye simu: shikilia kidole kwenye kioo mpaka mwanga na fokasi vifungwe, kisha shusha mwanga kidogo. Tone la maji kwenye kioo husomeka kama kidole na kuchanganya kila kitu, kwa hiyo piga kwa kitufe cha sauti. Futeni kioo cha kamera ya simu kila mara. Picha nyingi za simu za mvua zina weupe unaoitwa ukungu, kumbe ni mafuta ya kidole.

Tripodi penye upepo: toa miguu minene kwanza, ile myembamba ya chini iache ndani, nguzo ya kati isipande. Kuning'iniza begi chini yake kunasaidia tu begi likigusa ardhi. Likining'inia hewani linabembea na kutikisa zaidi. Mwamvuli ushikwe na mwenzako, msiuegemeze kwenye tripodi, upepo ukija unaondoka na vyote.

Mama_Dunga

Baba f8, mwamvuli na tripodi mahali wazi alasiri? Weka tahadhari hapo. Eneo lote hili kuanzia ziwani hadi Kisii na Kakamega lina radi nyingi. Mkiona mmweko, hesabuni sekunde hadi ngurumo. Sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, yaani kilomita 10, kunjeni tripodi muingie garini. Gari la bati lililofungwa madirisha ni salama, chini ya mti mmoja shambani si salama kabisa. Mtoke dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, si baada ya mvua ya mwisho.

Mashua Dunga ni za asubuhi. Ikishapita saa 8 mawingu yakaanza kusimama upande wa Nandi, upepo hugeuka ghafla na ghuba huchafuka. Pigeni kutoka ufukweni. Asubuhi kila mtu avae jaketi la kuokolea kabla ya kukanyaga mashua, na kamera iwe shingoni, si mkononi. Magugumaji yakisukumwa na upepo yanaweza kuziba ufuko wote kwa usiku mmoja, kwa hiyo ulizeni wavuvi jioni kabla ya kuahidiana mashua. Na mvuvi akivuta nyavu muulizeni kwanza kabla ya kumwelekezea lenzi. Mara nyingi atakubali, na akikataa, ziwa lipo.

Radi za usiku juu ya ziwa pigeni kutoka kibarazani chenye paa au dirishani. Zimeni taa za chumba, bandika hudi kwenye kioo, f/8, ISO 200, sekunde 15 hadi 30, na urudie rudie. Huwezi kuikimbiza radi kwa kidole.

Mwalimu_Njoro

Asanteni sana. Nimebadilisha: kulala Kericho, kutoka Nakuru saa 7. Droni imeondolewa pia, nimeambiwa bila kibali cha KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na cha hifadhi ni taabu. Limebaki la watu 11 mahali pamoja, na kama Kakamega tunahitaji kuamka alfajiri tena. Pia lenzi ya milimita 16 na polaraiza, kuna shida?

f8_na_subira

Milimita 16 inaona anga pana mno, kwa hiyo ikiwa na buluu utapata doa jeusi upande mmoja. Wingu likifunika yote, au ukipiga majani bila anga, hakuna shida. Angalia pembe tu, pete nene huonekana kwenye kona.

nyuma_ya_usukani

Watu 11: wagawe wawili wawili, mmoja anapiga mwingine anashika mwamvuli na kupangusa, dakika tano mnabadilishana. Anabaki mmoja, huyo ndiye wa saa na wa kutazama mbingu, kwa zamu. Mkishuka, wote wasimame nyuma ya mstari mmoja kwanza. Wenye lenzi pana wapige kabla nyasi hazijakanyagwa na umande haujafutwa, dakika 10, warudi nyuma, ndipo wenye lenzi ndefu wapige kutoka walipo. Mkienda kinyume, picha za wenye lenzi pana zitakuwa na nyayo 22. Kwenye chai msiingie kati ya mistari bila ruhusa ya shamba. Ukingo wa barabara unatosha, na ulizeni ofisini kwao siku moja kabla kama mnataka zaidi.

Bonde_la_Ufa

Kakamega hamhitaji alfajiri, isipokuwa mnataka kupanda vilima vya Buyangu au Liranda kuona ukungu juu ya msitu, na kutoka Kisumu hiyo ni kuamka saa 9 usiku. Ndani ya msitu jua ndilo adui, linatupa mabaka meupe kila mahali. Wingu zito la saa 2 hadi saa 5 ndilo taa lenu. Kwa kuingia msituni kupitia Isecheno mnakatia Khayega kuelekea Shinyalu. Mwanga ni hafifu, kwa hiyo sekunde 1 hadi 4 kwa f/8 ni kawaida. Subirini upepo utulie majani yasicheze. Chukueni kiongozi wa msitu, vaeni gambuti na suruali zilizochomekwa ndani, na kabla ya kutua tripodi mtazame chini. Siafu hupanda mguu wa tripodi haraka kuliko unavyorekebisha fokasi.

KameraNaMaji

Na huko msituni msibadilishe lenzi. Matone huanguka kutoka kwenye majani nusu saa nzima baada ya mvua kuisha. Kama ni lazima, ingia garini, funga mlango, subiri dakika chache, kamera ikitazama chini.

Mwalimu_Njoro

Nimenakili yote kwenye karatasi ya gari. Jumamosi tunakata mikono ya majaketi.